Darubini Juu ya Bunduki ya Wenzo

Leo salamu zangu za kwanza ziwaendee ndugu zetu walioko Marekani, kule ambako majani ya miti yameanza kupukutika na majirani zao hawana habari nyingine midomoni isipokuwa kulungu.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana mmoja, Mkongo anayeishi jimbo la Pennsylvania. Jirani yake, mzee ambaye magoti yamemchoka na hapandi tena vilima, amempa bunduki yake ya kuwindia. Kijana ana leseni, amesoma darasa la uwindaji, karatasi zake zimekamilika. Amenunua darubini ya kufunga juu ya bunduki ile, na sasa anauliza: "Papa, naona ni skrubu chache tu. Nizifunge mwenyewe leo jioni, kesho niingie porini, ama kuna jambo?"

Jambo lipo, mwanangu, tena si dogo. Nami nalijibu hapa hewani kwa sababu najua hayuko peke yake. Watu wetu wengi wamehamia mahali ambapo kuwinda kulungu ni sehemu ya mwaka kama Krismasi, wakaalikwa na majirani, wakapenda. Nataka wajue kinachofanyika kati ya kufungua boksi la darubini na kuvuta kifyatulio mbele ya mnyama aliye hai.

Kwanza tuielewe bunduki yenyewe. Bunduki ya wenzo ni ile ambayo chini yake, pale mkono wa kulia unaposhika, pana kitanzi cha chuma. Ukikisukuma chini na mbele, ganda lililokwisha kutumika linaruka nje. Ukikirudisha, risasi mpya inaingia chemba. Mmeiona kwenye sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Ya kijana wetu ni Marlin 336, inayokula risasi waiitayo thelathini-thelathini. Namba ya kwanza ni kipenyo cha tundu la mtutu, sehemu 30 za inchi iliyogawanywa mara 100. Ya pili ni uzito wa baruti iliyotiwa humo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1895, greni 30 za ile baruti mpya ya wakati huo isiyotoa moshi mwingi.

Bunduki iliyoifanya risasi hiyo ijulikane ni Winchester ya mwaka 1894, kazi ya fundi mkubwa John Browning. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7, mpaka kiwanda cha New Haven kilipofunga milango mwaka 2006. Ni nyepesi, nyembamba, inakaa vizuri mkononi. Lakini Browning aliichora wakati ambapo wawindaji wa kawaida hawakuwa wakifunga darubini kwenye bunduki, na ganda lake aliliacha litokee juu, linyooke kuelekea mbinguni. Weka darubini pale juu, na ganda litagonga tumbo la darubini na kurudi ndani. Kwa miaka mingi watu walilazimika kuifunga ubavuni, upande wa kushoto, jicho likikaa upande mmoja na mtutu upande mwingine. Winchester wenyewe walikuja kulirekebisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakalifanya ganda litoke kwa mshazari.

Marlin walikuwa na bahati, au niseme walikuwa na akili ya mapema. Tangu bunduki yao ya mwaka 1889 ganda linatoka ubavuni, na mgongo wa bunduki umezibwa kwa chuma kizima. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya darubini. Lakini 336 ilipotoka mwaka 1948, darubini zikiwa zimeanza kupatikana kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu, mgongo ule ukawa kama baraza lililokuwa likisubiri wageni. Kwa hiyo huyu kijana amepewa bunduki inayofaa kwa kazi anayoitaka. Kama yako wewe ni Winchester ya zamani inayotupa ganda juu, usianze kuitoboa matundu. Iache kama ilivyo, na umpelekee fundi wa bunduki akushauri.

Niseme neno moja kuhusu kwetu, kwa maana bunduki hizi si ngeni kabisa katika pwani yetu. Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa kwa safari ndefu ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya wenzo, ya muundo wa mwaka 1895, yenye risasi nene ya .405, na aliipenda sana kwa simba. Msafara wake ulibebwa na wapagazi wapatao 250, na lugha iliyowaunganisha njiani ni hii tunayozungumza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Roosevelt alikuwa akiona kwa jicho moja tu. La kushoto liliharibika alipokuwa akicheza ndondi Ikulu, naye hakulitangaza kwa miaka mingi. Na alikuwa mvaaji wa miwani. Mtu huyo alizunguka nyika za Afrika Mashariki na kukabili wanyama wakali bila darubini juu ya Winchester ile.

Wapo watakaolichukua hilo kama ushahidi kwamba bunduki ya wenzo haihitaji darubini. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni macho. Kwa alama za chuma, jicho linatakiwa kuona vitu vitatu kwa pamoja: alama ya nyuma iliyo karibu na uso, alama ya mbele iliyo mwisho wa mtutu, na mnyama aliye yadi 80 mbele. Jicho la miaka 20 linaruka kati ya vitu hivyo haraka kiasi kwamba halisikii kazi. Jicho la miaka 50 linachagua kimoja na kuacha viwili vikiwa ukungu. Darubini inaweka mnyama na msalaba wa nyuzi mahali pamoja, kana kwamba vimechorwa kwenye kioo kimoja. Na jioni, wakati kulungu anapotoka kichakani, darubini inakuonyesha kama kile ulichodhani ni pembe ni pembe kweli au ni tawi.

Ila isiwe darubini kubwa. Hapa ndipo maduka yanapowapoteza watu. Bunduki hii ni ya msituni, ya umbali wa yadi 50, 80, pengine 150. Inayotosha ni ya kukuza mara 4, au ile inayobadilika kuanzia mara 1 au 2 hadi mara 4 au 7. Ukinunua yenye kioo cha mbele kipana kama glasi ya maji, itakubidi uiinue kwa pete ndefu, zile zinazoishika darubini, ili isiguse mtutu. Na kitako cha bunduki ya wenzo kimechongwa kwa mteremko, kwa mtu anayelaza shavu chini kuangalia alama za chuma. Darubini ikiwa juu sana, shavu linaning'inia hewani na shingo inanyooka kama ya twiga, na kila ukilenga jicho linakaa mahali tofauti. Pete ziwe fupi kadiri inavyowezekana. Shavu likiwa bado halijakaa, funga mto wa ngozi juu ya kitako. Unauzwa na kamba zake, unashika vizuri.

Sasa nifike kwenye zile skrubu, na niwasimulie kilichonipata mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga darubini kama hiyo jioni moja, mezani jikoni, kwa dakika 20. Nilitoa zile skrubu ndogo za kuzibia matundu, nikaweka kitako cha darubini, kile chuma kinachokaa mgongoni mwa bunduki kushika pete, nikakaza, nikafunga pete, nikakaza. Mafuta ya kuzuia kutu yalikuwa bado yamo ndani ya matundu. Niliyaona yaking'aa, nikayaacha. Kesho yake nilipiga risasi 5 kwenye karatasi, zikakaa pamoja vizuri, nikaridhika. Siku ya tatu porini alitokea kulungu dume, yadi 70, amesimama ubavu. Nililenga nyuma ya bega na nikavuta bila papara. Alianguka, akainuka, akaondoka na mguu wa mbele umevunjika. Mimi na mwenyeji aliyenialika kuwinda tulifuata matone ya damu juu ya theluji kwa saa mbili. Sitawaeleza zaidi ya hapo, ila kwamba tulimpata na tukammaliza, na yule mwenyeji hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Alichukua bunduki yangu, akashika darubini kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza. Skrubu ya mbele ilikuwa imelegea nusu mzunguko.

Yule mnyama aliteseka saa mbili kwa sababu mimi sikufuta mafuta.

Basi sikilizeni jinsi inavyofanywa. Kabla ya bisibisi, hakikisha bunduki ni tupu. Bunduki hii haina magazini ya kuchomoa; risasi zinakaa ndani ya mrija mrefu chini ya mtutu, na mrija unaweza kuficha moja. Elekeza mdomo wa bunduki mahali salama, chezesha wenzo mpaka pasitoke kitu, kisha chezesha tena. Angalia ndani kwa macho, ingiza kidole kidogo mpaka chemba, na utazame kwa mlango wa kupakilia mpaka uone kile kisukumio cha mrija. Risasi zote zihame chumba, zipelekwe chumba kingine kabisa.

Kisha chukua asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha ikiwa safi bila manukato, na kijiti chenye pamba. Futa kila tundu, futa kila skrubu, futa mgongo wa bunduki na tumbo la kile kitako cha darubini. Pamba itatoka nyeusi mara ya kwanza na ya pili. Endelea mpaka itoke nyeupe. Jaribu kila skrubu kwa vidole bila kitu kingine, uone inashuka mpaka wapi. Skrubu zinazokuja kwenye pakiti mara nyingi hazilingani urefu, na kila moja ina tundu lake. Ukiingiza ndefu pasipo pake, inafika chini na kugusa chuma cha ndani kabla haijakibana kitako. Mkononi unasikia imekaza, kumbe imejikaza yenyewe na kitako kiko huru. Baada ya kuifunga, chezesha wenzo pole pole: kama bolti inakwaruza au inasita, kuna skrubu iliyozidi urefu.

Tone moja la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayokubali kufunguliwa baadaye, linatosha kwa kila skrubu ya kitako. Kaza kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Kipimo kipo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kwa vifuniko vya pete mara nyingi huwa kati ya pauni-inchi 15 na 20, na bisibisi yenye kipimo haina bei ya kutisha. Mkono wa mwanamume mwenye nguvu unaweza kuliminya bomba la darubini likabonyea, na darubini iliyobonyea haiponi.

Kabla hujakaza pete kabisa, mambo mawili. La kwanza ni umbali wa jicho. Fumba macho, inua bunduki begani kama unavyofanya porini, laza shavu, kisha fungua macho. Picha iwe nzima, duara limejaa, bila kivuli cheusi pembeni. Kama unalazimika kusogeza kichwa, sogeza darubini. Kati ya jicho na kioo ziwepo inchi 3 hadi 4, na fanya jaribio hilo ukiwa umevaa koti zito la baridi, kwa sababu koti linasogeza kila kitu. Anayepuuza hili atapasuliwa nyusi na ukingo wa darubini siku bunduki inaporudi nyuma.

La pili ni msalaba wa nyuzi usimame wima. Hapa tumia elimu ya fundi muashi. Chukua uzi, funga jiwe au nati nzito, tundika timazi ukutani hatua 25 mbele yako. Weka bunduki imara juu ya mifuko ya mchanga na pimamaji mgongoni mwake. Tazama ndani ya darubini, zungusha taratibu mpaka uzi wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wa timazi, visiachane juu wala chini. Kaza pete nusu, tazama tena, maana kukaza kwenyewe huizungusha. Nimeona watu hodari wakifanya jambo hili kwa kukisia, kisha wanashangaa kwamba kila wakisogeza risasi juu inakwenda pia kulia.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini zaidi ya mahali pengine popote, kwa sababu hili linahusu uhai wa mtu. Bunduki hii ina nyundo ya nje, inayovutwa kwa dole gumba. Ukishakoki na mnyama akaondoka, inabidi uirudishe nyundo taratibu: unaishika kwa gumba, unavuta kifyatulio kidogo, unaisindikiza mpaka kituo chake cha katikati. Risasi iko chembani wakati wote huo. Bila darubini, gumba lina nafasi. Ukiweka darubini, nyundo inajificha chini yake, na gumba lenye glavu, lililokufa ganzi kwa baridi, linaingia kwa shida na linaweza kuteleza. Ikiteleza, bunduki inalia.

Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye nyundo na kutokeza ubavuni, kulia au kushoto, ili gumba lishike nje ya darubini. Kinagharimu chini ya darubini yoyote ya maana. Sielewi kwa nini hakiwekwi ndani ya kila boksi. Kifunge, kaza kile kiskrubu chake, na ukae nyumbani na bunduki tupu uifanye kazi ya kukoki na kurudisha nyundo mara 50, mara 100, ukiwa na glavu mkononi. Za Marlin zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 zina pia kitufe cha usalama ubavuni. Kitumie, lakini kisikufanye usahau kuelekeza mdomo wa bunduki ardhini.

Haya, twende uwanjani. Wenye bunduki za bolti wana njia rahisi ya kuanza: wanachomoa bolti, wanachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma, wanalinganisha na darubini. Bunduki ya wenzo imezibwa nyuma, huwezi kuchungulia bila kuifungua. Kwa hiyo anza karibu, yadi 25, na karatasi kubwa, kubwa kweli, ili hata risasi iliyopotoka uione imeangukia wapi. Vaa kinga ya masikio na miwani.

Keti, weka mkono wa mbele wa bunduki, ile sehemu ya mbao, juu ya mfuko wa mchanga. Mtutu usiguse kitu. Piga moja. Kama imo kwenye karatasi, piga mbili zaidi kwa kulenga palepale, na usiguse darubini. Hapa wengi hupoteza boksi zima la risasi: wanapiga moja, wanazungusha, wanapiga moja, wanazungusha, wanaifukuza risasi kama kuku. Tafuta katikati ya matundu yako matatu, na upime kutoka hapo.

Tuseme katikati yake iko inchi 2 chini na inchi 1 kushoto. Darubini nyingi za Marekani, kila mbofyo wa kifundo cha kurekebishia unasogeza risasi robo inchi kwa yadi 100. Yadi 25 ni robo ya umbali huo, basi mbofyo unasogeza robo ya robo, yaani inchi moja inahitaji mibofyo 16. Hesabu yako ni mibofyo 32 juu, na 16 kulia. Hesabu kwa sauti, usikisie. Piga tena tatu. Zikiwa zimekaa katikati, hamia yadi 100, ambako karibu hakika utakuta risasi zinapiga juu kidogo ya ulipolenga, kati ya inchi 1 na 2. Usishtuke. Darubini iko inchi moja na nusu hivi juu ya mtutu, mtutu unatazama juu kidogo kuikuta njia ya jicho, na kwenye yadi 25 risasi ilikuwa bado inapanda.

Mimi napenda iachwe inchi 2 na nusu juu kwa yadi 100. Risasi ya kawaida ya greni 150 inatoka kwa kasi ya futi 2,390 hivi kwa sekunde na inapungua haraka, kwa sababu pua yake ni butu. Ni butu kwa sababu ndani ya mrija risasi zinakaa foleni, pua ya moja ikiegemea kitako cha mwenzake, palepale penye fataki. Pua iliyochongoka ingeweza kuilipua fataki hiyo bunduki inaporuka. Siku hizi zipo zenye ncha laini ya plastiki zilizoundwa kwa ajili ya mrija, nazo zinaruka vizuri zaidi. Ukilinganisha kwa yadi 100 kamili, ile butu itakuwa imeshuka inchi 8 hivi ikifika yadi 200. Ukiiacha juu inchi 2 na nusu, itakuwa sawa na jicho kwenye yadi 170 hivi, na kwenye 200 itakuwa chini inchi 3 tu. Moyo na mapafu ya kulungu ni upana wa sahani ndogo. Ndani ya umbali huo unalenga katikati ya sahani na huhitaji hesabu nyingine. Zaidi ya hapo, mwache apite.

Na usipige harakaharaka. Mtutu wa bunduki hii ni mwembamba na umefungwa pamoja na ule mrija. Ukipata joto, kimoja kinavuta kingine na matundu yanaanza kuhama. Piga tatu, fungua wenzo, iache ipoe mpaka uweze kushika mtutu kwa kiganja bila kuhisi moto. Kunywa chai. Kazi yote ni asubuhi nzima, na ni risasi 20 tu au pungufu.

Ninyi mliohamia kule, jueni pia mko upande gani wa sheria. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya Marekani kushika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Muulize mwanasheria kabla hujaipokea bunduki ya jirani, usimuulize jirani. Pennsylvania, katika msimu wa bunduki wa kulungu, inakutaka uvae rangi ya chungwa inayong'aa isiyopungua inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Na darubini ya bunduki kamwe isitumike kutambua kinachotembea kichakani. Kila unachokitazama kwa darubini ile umekielekezea mtutu. Beba darubini ya mkononi, ya macho mawili, ndiyo ya kuangalia.

Mwanangu wa Pennsylvania, jioni ya leo safisha matundu tu. Kesho funga. Jumamosi nenda uwanjani na umwombe yule mzee afuatane nawe. Magoti yake hayapandi vilima, lakini anaweza kukaa kwenye kiti nyuma yako akaona unachokosea. Siku mbili baadaye rudi uwanjani na bunduki baridi, piga risasi moja tu, kwa sababu kulungu atapigwa na risasi ile ya kwanza ya mtutu baridi, hatangoja mtutu upashe moto. Ikianguka ulipotaka, andika kwenye kipande cha karatasi aina ya risasi, uzito wake na inchi ilizokuwa juu kwa yadi 100, ukakibandike ndani ya mfuniko wa boksi la risasi. Isipoanguka ulipotaka, shika darubini kwa vidole viwili, uitikise.